Viputo

Siku saba za vidonge, alisema daktari Hrubá,
kila baada ya saa nane, wala usiache katikati
hata ukijihisi mzima.
Kuhusu mapafu hakutaja siku.
Aliinua eksirei dirishani, kwenye mwanga wa theluji,
akatuonyesha madoa: hapa, na hapa, na huku chini,
kama mtoto aliyehemea kioo.
"Majuma sita. Pengine manane. Ana miaka sabini na mmoja."

Baba akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikamkalisha kitako.

Huyu ndiye aliyepuliza vioo miaka arobaini na sita
kiwandani hapa Nový Bor,
bomba la chuma mdomoni, donge la moto nchani:
pumzi moja, likavimba jagi;
pumzi moja na nusu, taa ya kanisa.
Mashavu yake yalikuwa shamba letu.
Yalitulisha, yalituvisha,
yalilipa hata kinanda nilichokiacha.

Homa ilishuka siku ya tatu. Tukadhani yamekwisha.
Siku ya tano akapanda ngazi kwenda kulala,
akaketi kwenye kidato cha saba.
Sikumshika mkono. Niliketi cha sita,
tukazungumzia bei ya kuni.

Mgonjwa haulizwi uji:
supu niliiweka bila neno, akainywa bila neno.
Makohozi yalibadilika, kutu, kisha haradali,
kisha maji ya mchele.
Niliyaandika kwenye kalenda, kama nilivyoagizwa,
kando ya siku za kutoa taka.

Halafu akaja Vlasta wa mazoezi ya kifua,
msichana mdogo, viatu vimelowa,
na chupa yenye maji nusu, na mrija.
"Puliza, bwana Oldřich. Taratibu. Viputo tu."
Baba akanitazama.
Viputo!
Akapuliza. Vitatu.
Akafumba macho, akashika ukingo wa meza.
Vinne.

Vidonge vilikwisha zamani; hili ni juma la saba.
Bado mchana humwangusha usingizi,
bado hukata sentensi katikati ili avute hewa,
nami nimejifunza kutoimalizia.

Jana, kabla hakujapambazuka, nilimkuta jikoni,
maji yakichemka bila moto ndani ya chupa,
naye ameinama, anavikagua vikipanda
kwa jicho lile la kiwandani.
Kimoja kikapasuka.
"Hicho," akasema, akavuta hewa,
"ukuta wake ulikuwa mwembamba mno."
Akaurudisha mrija mdomoni.