Nani Amekufa?

Ulipotokea uani umenyoa kipara
nilitupa ungo, kahawa ikatawanyika,
nikauliza: Nani amekufa?
Kwetu Masaba kichwa hakinyolewi bure.
Ukacheka, Wamono, kicheko kilekile cha kuiba sukari.
Hakuna, mama. Kisha ukafikiri:
au tuseme sote, polepole.
Nikakwambia hayo si maneno ya kumwambia aliyekubeba miezi tisa.

Miaka minne Entebbe kwa hao watawa wa Budha,
umerudi na shuka la rangi ya tofali bichi
na bakuli jeusi, basi.
Mwana wa koplo! Baba yako, aliyetuachia koti la jeshi
na Kiswahili hiki ninachokusemea,
hakuwahi kumwomba mtu hata kiberiti.
Wewe alfajiri wasimama milangoni pa watu, kimya,
hata hodi husemi.
Khainza alidhani umerogwa, akakutilia muhogo
ili uondoke.
Katekista Wakhasa akafunga dirisha.
Mimi nilijificha jikoni kwa aibu, nikihesabu milango.

Jioni ulikaa penye migomba ukinong'ona:
viumbe vyote viwe salama.
Hata fuko anayekula viazi vyangu?
Hata fuko.
Hata Wakhasa?
Hasa Wakhasa, mama, leo amelala na hasira.
Na mlima?

Hapo hukujibu.

Mvua ilinyesha siku tatu bila kuvuta pumzi.
Usiku wa nne mlima ulishuka
kama mtu anayevua shati.
Mshindo wake sikuusikia; nilisikia mbuzi wakinyamaza.
Kulipokucha, palipokuwa na nyumba kumi na moja
palikuwa na udongo mwekundu, laini, unaotoa mvuke,
na juu yake sufuria moja imekaa wima,
kama ya mtu anayerudi sasa hivi.

Ulichimba kwa jembe, mpini ukavunjika.
Ukachimba kwa bakuli.
Ndiyo, lilelile la sadaka, nililiona likichota tope
mpaka ukingo ukapinda.
Ulipomfikia Nasike, mjukuu wa Wakhasa,
yule wa miaka sita aliyekuita Bwana Shuka,
hukusema lolote kuhusu vitu vyote kupita.
Ulilia kama ndama.
Kisha ukavua shuka ukamviringisha mtoto,
ukabaki na kitambaa cha kiunoni, unatetemeka mvuani
mbele ya wanawake wa kijiji kizima.
Na Wakhasa, ambaye hatujasalimiana tangu Pasaka,
akapanda mpaka kwangu, akasema tu:
Leta koti la koplo.
Akakuvisha mwenyewe. Akafunga vifungo kimoja kimoja,
kama unakwenda shule.

Sasa tunalala darasa la tatu,
chini ya jedwali la kuzidisha.
Saa nane lori linaleta posho na maharagwe,
tunapanga mstari, kila mtu na chombo chake:
kifuniko cha ndoo, kopo la rangi, kofia.
Khainza, wiki iliyopita ana ng'ombe wanne,
ananyosha mkono akitazama miguu yake.
Mimi nina bakuli lako lililopinda,
maana chakula kinafika adhuhuri imepita nawe huli.
Nimekugombeza. Hata Budha, nimesema, angeielewa saa ya lori.
Unapita na ndoo ya maji, ndani ya koti la vita,
ukimwita kila mtu kwa jina lake lote.

Jana usiku wembe ulizunguka darasani.
Tulinyolewa wafiwa, Wakhasa wa kwanza,
kisha Khainza, kisha mimi,
na nywele zetu zikafagiliwa pamoja, haikujulikana zipi za nani.
Leo asubuhi wamekuja watu wa kuhesabu, na daftari,
wakauliza katika sisi mtawa ni yupi.

Hakuna aliyejibu.
Mtoto mmoja aliwaomba chumvi.