Nusu Kidonge

Ubao wa msindano, futi kumi na mbili,
uliteleza juu ya lori ukanigonga kisogoni,
Machi, siku ya mshahara, hapa Mafinga.
Sikuanguka. Niliandika hata risiti.
Kilichofuata sikijui mpaka chai ya jioni.

Sasa ni Juni. Ukungu umelalia misindano,
na mwingine umenilalia ndani;
huu wa ndani hauondoki saa nne.
Msumeno ukiwashwa ng'ambo ya barabara
meno yake yanapita katikati ya macho yangu.
Jina la mwanangu wa mwisho lazima nilisubiri,
naye ananitazama, akisubiri pia.

Kila mtu ana dawa.
Mama Chaula kaleta mizizi ndani ya chupa ya soda.
Shemeji kasema ulanzi, ule mtogwa wa asubuhi.
Mchungaji kaweka kiganja palepale panapouma.
Mimi nilikuwa na panadol:
mbili asubuhi, mbili mchana,
mbili nikisahau kwamba nimeshameza.

Daktari Nyagawa aliinua picha dirishani.
"Safi. Hakuna damu, hakuna ufa."
Nikatamani angeuona, hata wa unywele,
nikamwonyeshe tajiri.

Akahesabu maganda ya vidonge mkononi mwangu.
"Ulidhani ni maji ya kuzimia moto.
Siku hizi ndizo kuni. Acha.
Wiki mbili utanichukia, kisha utarudi."
Akaandika kingine, kidogo, cha manjano,
nusu, usiku tu.
"Karatasi yake inasema ni ya wenye huzuni.
Usiogope, tumekiazima kwa ajili ya kichwa."

Dada Sekalinga wa mazoezi hana vidonge.
Ana kidole gumba:
"Kitazame, ugeuze kichwa, hapana, hapana,
kama unayekataa deni. Jicho lisiachie."
Na kutembea: leo mpaka transfoma, kesho mpaka stendi.
Kikiuma punguza mwendo, usikimbilie kitanda.

Juzi nilifika stendi.
Jana sikuvuka geti.

Usiku Tumwene analeta wembe na sahani.
Mimi niliyepima mbao kwa jicho miaka kumi na moja
nakata kidonge, na hakikatiki sawa:
kipande kikubwa, kipande kidogo,
na unga wa manjano usio wa yeyote.
"Nipe kikubwa," namwambia.
Anatazama sahani kwa muda mrefu.
"Alisema nusu," anajibu,
analowesha kidole, anaokota ule unga.