Hodi ya Kahawia

Bern, Februari. Theluji imeshika vioo vya maabara
na Verena Zbinden anakata nta.
Ndani ya nta kuna kipande cha utumbo wa Gottfried Läderach,
fundi wa vinanda vya makanisani,
ambaye uso wake uliwaka mwekundu mara nane kwa siku
hata majirani wakanong'ona: siku hizi anakunywa peke yake.
Hakuwa anakunywa.

Kisu kinashusha kipande cha mikromita nne,
chembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu.
Kinaelea juu ya maji ya vuguvugu;
Verena anakipokea kwa kioo
kama apokeaye mtoto aliyelala mgongoni mwa mwenzake.

Hatafuti uvimbe. Uvimbe umeshajulikana, una jina na faili.
Anatafuta mlango.
Mwili una wajumbe wake: peptidi, maneno mafupi ya neva,
yanayobisha hodi kwenye utando wa seli:
tulia, punguza, kwa leo inatosha.
Seli yenye kipokezi huitika karibu.
Isiyo nacho haisikii
hata ugonge mpaka kuche.
Na ipo dawa inayojua kubisha hodi hiyohiyo,
ila dawa haiingii ukutani.

Wiki iliyopita alitumia kingamwili ya chupa ya zamani.
Kila kitu kikageuka kahawia:
seli, nyuzi, hata msuli usiohusika.
Daktari Caduff, kijana, akapiga kofi mezani: "Milango tele!"
Verena akanyamaza.
Shahidi anayeitika ndiyo kwa kila swali
hakuwepo.

Akaichukua chupa ileile,
akaishibisha kwanza peptidi yake yenyewe,
mikono ijae, isiweze kushika kingine.
Akapaka tena.
Kahawia ikabaki palepale, bila haya.
Ndipo alipolitazama kabati la vioo vya miaka sita,
akavua glavu taratibu, kidole baada ya kidole.

Leo ni chupa mpya.
Imetoka kwa sungura, si yule wa ngano,
huyu hakumlaghai fisi wala simba;
alidungwa sindano tu, na damu yake ikakariri umbo.
Usiku kucha ndani ya jokofu, nyuzi nne.
Asubuhi ikafuata kingamwili ya mbuzi,
imtambuayo sungura popote alipojibanza.
Kisha matone ya rangi, dakika tano,
kwa saa ya ukutani ambayo huchelewa na kila mtu anajua.

Kioo cha kwanza, kile cha kingamwili iliyoshibishwa:
viini vya buluu, basi. Kimya.
Vizuri. Huyu anajua kunyamaza.

Kioo cha pili.
Anazungusha lenzi, anapita msuli uliobaki mweupe,
anafika kwenye viota vya uvimbe,
na kila seli imetiwa ukingo wa kahawia,
mstari mmoja mwembamba, kama wanja
uliopakwa na mkono usiotetemeka.

"Ipo," anasema, hakuna wa kumsikia.
Caduff amekwenda kula.
Läderach yuko Langnau, juu ya ngazi,
sikio lake kwenye bomba la bati,
anasubiri sauti itulie.

Verena anaandika matokeo, anafuta mafuta kwenye lenzi.
Kisha anafungua kabati la miaka sita,
anatoa kioo cha kwanza,
anasoma jina.