Kioo cha Inchi Sita

Muuzaji wa Makoroboi aliisifia ile ndogo:
"Hii inakuza mara mia sita, kaka,
utahesabu mawe ya mwezini kama karanga."
Miguu yake mitatu ilitetemeka nilipokohoa.

Nikauliza upana wa kioo.
Akanitazama kama nimeuliza umri wa mama yake.

Maana nuru haifokewi ije. Nuru hukingwa,
kama mvua ya vuli kwenye bati la kina Nkwimba:
mwenye kikombe hunywa,
mwenye beseni huoga.

Basi nimeibeba hii,
bomba refu kama mtoto wa darasa la tatu,
kioo cha inchi sita kimelala kitakoni mwake,
sanduku la mbao badala ya miguu,
hadi juu ya jiwe letu la Mabatini
ambalo halijatikisika tangu liumbwe
wala halikunidai senti.

Ziwani karabai za dagaa zimezidi nyota.
Nimezipa kisogo.

Nkwimba, aliyenikopesha nusu ya bei
kutoka kopo la akiba ya cherehani,
anainama, anafumba jicho lile lile la kuonea,
anampiga mbu.
"Unaona?"
"Naona kope zangu."
Nasogeza bomba upana wa unywele.

Kimya.

Mbwa wa jirani amebweka, akachoka.

"Ina pete," anasema, taratibu, kama anayesoma bei.
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Miaka minne, Masalu,
na pete ya kwanza unayonionyesha
iko huko."