Kitu Kilichokataa Kuoza

Mvua ya Aprili ilipopita Kasese
ilichakura nyuma ya nyumba kama kuku,
ikaacha juu ya tope kitu cheupe.
Masika alikiona kabla yangu.
Ana miaka sita, haogopi chochote
ila jogoo wa Mama Kabugho.
Akakiinua kwa kijiti:
"Baba, hii ya nani?"

Ningesema ya jirani.
Uongo ulikuwa mwepesi mdomoni, kama pipi.
Lakini ubavuni palikuwa na dubu wa buluu,
na dubu yule ninamjua.

Ni yako, nikasema.

Tulikuwa tumeapa, mama yako nami,
ulipokuwa bado teke la tumboni:
nepi ya dukani haivuki kizingiti hiki.
Tukakata leso mbili za harusi,
vipande kumi na vinne,
nikavihesabu kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari.
Mfuaji nilikuwa mimi. Biira alikuwa zamu ya usiku hospitalini,
mimi mwalimu, saa kumi nimesharudi.
Wanaume wa gereji walipita kimya,
wakacheka baada ya kona, ili nisikie vizuri.
"Mwalimu Masereka, leo umeanika samaki wangapi?"
Nami nilicheka. Sabuni ya mche ilinila vidole.
Madumu manane kwa siku, toka bombani, kilima kizima,
kwa hiyo usidhani ilikuwa rahisi,
wala usidhani tulikuwa malaika.

Maana ilikuja wiki ile.
Nyamwamba ulifurika, ukameza bomba la mtaa.
Tumbo lako nalo likafurika.
Maji ya kunywa yalikuwa ya kugombania,
vipande vyote kumi na vinne vilichafuka kabla ya adhuhuri,
na jua lilikuwa limekwenda likizo.
Nikaenda dukani kwa Thembo, kofia imeshuka usoni,
kama mlevi anayenunua waragi asubuhi.
Pakiti moja.
Akaitia katika kavera jeusi, akanikonyeza.

Ulilala. Nasi tukalala.
Sitakuficha: ulikuwa usingizi mtamu.
Mawingu yalipopisha nikachimba shimo,
nikazika aibu yangu kwa jembe,
nikapanda maboga juu yake.
Yaliota. Tuliyala na mbegu zake.
Nikasahau.

Tangu siku hiyo migomba miwili imezaa,
imekatwa, imeoza, imekuwa udongo.
Paka tuliyemzika hapo hapo hata jino halionekani.
Zile leso za harusi zimekuwa dekio,
zikawa kishikio cha sufuria, zikawa uzi,
zikawa si kitu.
Na dubu bado anatabasamu.

Masika alisikiliza yote, kijiti mkononi.
Nilikuwa nimeshaandaa somo,
lenye theluji ya Rwenzori ndani yake,
namna inavyopanda juu kila mwaka
kama sketi iliyomfupia mtoto.
Nikafungua mdomo.

"Kwa hiyo mimi nitazeeka," akasema,
"nitakufa,
na kinyesi changu kitakuwa bado hapa?"

Biira alicheka hadi akashika mlango,
mkono mwingine juu ya tumbo la miezi saba.
Mimi sikuweza.

Kuichoma? Moshi wake unaingia kwa Mama Kabugho.
Kuizika tena? Mvua ina kumbukumbu.
Gari la taka hutupa ng'ambo ya mto, na mto ndio ule ule.
Tumeiweka kwenye ndoo iliyotoboka, jiwe juu.
Sijui pa kuipeleka.

Jioni nilimkuta Masika chini, ameketi na mkasi,
anakata leso ya bibi yake bila ruhusa.
Amefika kipande cha tisa.
Vingine vimepinda, vingine ni vidogo vya kumtosha kifaranga.
Sikumgombeza. Nilishika upande wa pili wa kitambaa.

Ndoo ile ameifanya makumbusho.
Watoto wa mtaa hupanga foleni kumwona dubu asiyekufa.
Kiingilio: pera moja.
Mbegu, amewaambia, tema hapa hapa.