Yuro Moja na Nusu kwa Kilo

Jumapili, Brescia, nyuma ya kituo cha treni,
Grigore ametundika mizani ya ndoano
kwenye mlango wa basi lake jeupe.
"Yuro moja na nusu kwa kilo, Zinaida.
Posta watakukamua mara nne,
kisha walirushe sanduku kama gunia la viazi."

Kilo kumi na nne na robo.
Natoa tambi. Nazirudisha. Natoa sabuni.
Chupa za mafuta ya zeituni nimezivika soksi
za bibi niliyekuwa nikimuuguza,
aliyefariki Jumanne.
Hazitagongana.

Utepe mara tatu. Kwa wino usiofutika:
Ilinca, karibu na Soroca, lango la buluu.

Risiti hana. Ana daftari lenye masikio ya mbwa,
na mama yake na mama yangu
huchota kisima kimoja.
Hiyo ndiyo bima.

"Kuna kingine?"

Natazama kiti cha mbele, kitupu,
mkanda unaning'inia.
Mimi ni kilo sitini na mbili.
Napiga hesabu midomo ikiwa imefumba:
yuro tisini na tatu.

Naye keshageuka,
anatundika mzigo wa mwenzangu.