Ukuta Usiofika Juu

Ukuta kati yangu na Mama Ntumba
ulipanda, ukapanda, ukachoka kabla ya kufika kwenye bati.
Baba Kilufya aliponionyesha chumba
aliinua macho mara moja, akayashusha upesi.
"Ndiyo maana ya bei," akasema,
akahesabu faranga zangu, akalowesha kidole,
akahesabu tena.

Basi nilipanga chumba kimoja Kamalondo,
nikapewa na cha pili kwa masikio.
Usiku wa kwanza: mwiko unagonga sufuria,
redio inakohoa kuliko mwenye redio,
Kiluba cha Kasai kinavuka ukuta kama mvuke wa bukari,
nami chini ya shuka, na Kishi changu cha Bukavu,
sijui kama wanasali
au wananisengenya.

Avenyu hii haimwulizi mtu katoka wapi.
Inauliza ndoo yako ni ya ngapi.
Bomba ni moja. Saa kumi alfajiri
foleni inaongea Kibemba mbele, Kisanga katikati,
na nyuma kabisa Mzee Muteb anaitukana Rejideso
kwa Kifaransa cha shule ya mapadri.
Ile ya njano, iliyopasuka mdomo,
ni yangu. Usiiruke.

Sisemi ni peponi.
Makala huisha guniani na hakuna aliyepika.
Mimi na Mama Chola hatukusalimiana
tangu mvua za Desemba hadi Pasaka ikapita,
kwa ajili ya maji ya sabuni
yaliyojua njia ya mlangoni kwake.
Na kuna mwaka ambao Mama Ntumba hautaji kwa namba.
Anasema tu: ule wa stesheni.
Alikuwa na miaka sita, amelala juu ya mabunda,
anangoja treni ya "kwenu",
mahali asipopajua hata kwa picha.
Alirudi mtu mzima, akapanga avenyu ileile.
Sikumwuliza kwa nini.
Nilimpa sindano aliyokuja kuomba.

Jioni humfundisha mwanawe kuhesabu,
kofi moja kwa kila namba:
umue, ibidi, isatu,
nami huku nashona sare za shule,
mguu wangu ukajifunza kabla ya kichwa:
inayi, itanu, isambombo.
Kwenye sita Ntumba hukwama.
Kila siku. Kama gurudumu kwenye shimo lilelile.

Halafu ile homa. Umeme umekatika,
Mama Ntumba amefunga kitenge, anakimbilia kwa muuguzi,
sauti yake tayari iko barabarani:
"Nabintu! Unisikilizie mtoto!"
Hakusema umwangalie.
Alijua tulichonacho.

Nikasikiliza. Meno yanagongana.
Kisha, polepole, ili asilie,
umue, ibidi...
akafika sita.
Giza likanyamaza pamoja naye.

"Muanda mutekete," nikasema, huku kwangu.

Kimya.
"Unasema vibaya," ikajibu homa, ikacheka kidogo.
"Muanda mukulu," nikaendelea kusema vibaya.
Na kutoka ukuta wa pili, nao mfupi,
sauti niliyoinyima salamu miezi minne:
"Tshitema. Tisa ni tshitema. Haya, mtoto, malizia."
Hakumalizia. Alikuwa amelala.
Tukabaki, mimi na Mama Chola,
na kumi mkononi,
hakuna anayejua aiweke wapi.
"Umeshindaje," akasema mwishowe, usiku wa manane.

Mwezi uliofuata Baba Kilufya alileta matofali.
"Nitainua kuta," akasema, akitabasamu upande mmoja.
"Na kodi nayo itapanda, kidogo tu."
Mama Ntumba alikuwa anachambua lenga-lenga.
Hakuinua kichwa.
"Uache ukuta upumzike, Baba. Umechoka tangu zamani."

Matofali yako uani mpaka leo.
Mama Chola anaanikia samaki juu yake.
Ntumba huyahesabu akitoka shule,
na akifika sita
hunitazama.